Double Indemnity (1944): kama unauza bima, hii itafute

Mimi nauza bima hapa Nakuru, na hii muvi ndio imenishika kuliko zote nimeona mwaka huu. Jumamosi tulikaa mimi, mke wangu na shemeji yangu ametoka Kisumu, tukazima taa, sababu ni nyeusi na nyeupe na vivuli ndio vinabeba nusu ya stori.

Walter Neff ni ajenti wa bima Los Angeles, anaenda kwa mteja kurinyuu bima ya gari, anampata mke wa mwenye nyumba, Phyllis, na kuanzia hapo akili zinamruka. Wanamsainisha mzee bima ya ajali bila yeye kujua anasaini nini, halafu wamuue ionekane ameanguka kutoka kwa treni, juu ajali ya treni inalipwa mara mbili, dola 100,000 badala ya 50,000. Na si siri, mwanzoni tu Neff ameketi ofisini usiku, damu kwa bega, anakiri yote kwa mashine ya kurekodi.

Shemeji akasema basi utamu umeisha, muuaji tushamjua. Hapana! Wameshaacha maiti relini, wanaingia kwa gari, Phyllis anapiga stati, gari inakohoa inazima, anapiga tena, inazima, wanaangaliana... huyo shemeji alikuwa amekumbatia mto. Mke wangu yeye hakumpenda Phyllis hata kidogo, alisema Barbara Stanwyck anayemwigiza ana uso wa barafu, na ni kweli, mzee akiuawa kamera inabaki kwa Phyllis tu, anaendesha macho mbele.

Lakini mtu wangu ni Keyes, mkaguzi wa madai (Edward G. Robinson). Anauliza: huyu mzee alivunjika mguu na ana bima ya ajali, mbona hakuja kudai? Aki nilisimama. Hilo swali linatoka kwa mtu anayejua hii kazi, sio la kutungwa na mtu hajawahi shika faili.

Stori ya binti wa mzee inavuta kidogo, na wanaongea mbio, weka subtaito. Iliteuliwa Oscar 7 ikakosa zote, na hilo linaniuma kweli.

Angalia kiberiti pia. Keyes hana wake, kila mara ni Neff anamwashia sigara kwa ukucha wa kidole gumba. Halafu ngoja dakika ya mwisho uone nani anamwashia nani.