Stata Dhaifu: Kuikarabati au Kuibadilisha

Kabla ya kuchagua kati ya njia hizi mbili, ni lazima kuthibitisha kwamba stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, ndiyo yenye kasoro, kwa kuwa nyingi hufunguliwa bure ilhali tatizo liko kwenye betri au nyaya. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikiwa ni nzima na injini bado inazunguka kwa uzito, pima upotevu wa volti kwenye waya mnene wa chanya na ule wa bodi (waya hasi unaounganisha betri na bodi ya gari) wakati ufunguo unapigwa. Upotevu unaozidi nusu volti ni dalili ya kutu au ncha iliyolegea, na dawa yake ni kusafisha na kukaza.

Stata yenyewe ikithibitika kuchoka, mimi huupendelea ukarabati pale ambapo kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha, springi zake zimelegea, au bushi (pete zinazoshikilia mhimili) zimelika kiasi cha kuiacha amecha, yaani sehemu inayozunguka, ikisugua kuta za ndani na kuchora mikwaruzo inayong'aa. Vipuri hivyo ni vidogo, na stata ya awali mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei nafuu. Lakini koili (nyaya za shaba zilizozungushwa ndani ya stata) zikiungua, zikawa nyeusi na kutoa harufu kali, kubadilisha stata nzima ndiko kwenye busara. Stata mpya huokoa muda, mradi idadi ya meno ya gia yake na mkao wa matundu ya bolti vilingane na vya ile ya zamani. Kwa njia yoyote, tangulia kuondoa waya hasi wa betri.