Sindano moja ya kroshia na sanduku la nyuzi: uzoefu wangu wa miezi minane

Wifi yangu anaishi Leicester, Uingereza. Alipokuja Njombe kutusalimia, alinikuta kibarazani nafuma kitambaa cha kochi, kidole gumba nimekifunga plasta. Akanitazama, akaingia ndani, akarudi na kipochi. "Shika hii wifi, hiyo ya chuma ipumzishe." Ndani mlikuwa na sindano ya kroshia iliyotengenezwa Japani, kichwa cha alumini, mpini mnene wa mpira laini, pamoja na uzi wa sufu wa rangi ya ugoro, gramu 100. Sindano hiyo nimeitumia miezi minane sasa, karibu kila jioni, na nimeipitishia nyuzi za kila namna. Nawaandikia wanaofuma, na wanaotaka kuanza, ili wajue pesa yao waipeleke wapi.

Nilijifunza kufuma kwa sindano ya chuma aliyoniachia bibi, nyembamba tangu kichwani hadi mkiani. Kwa uzi mwembamba wa pamba, ule wa vitambaa vya meza, mpaka leo sijapata ya kuishinda. Lakini sindano nyembamba lazima uibane ili isikugeukie mkononi, na ukiibana saa mbili mfululizo, usiku kiganja kinakuwaka moto. Mpini mnene unaondoa kazi hiyo ya kubana. Vidole vinakaa tu juu yake, na kuna mahali pamebonyea kidogo pa kuweka kidole gumba, kwa hiyo kichwa cha sindano kinatazama upande uleule kila mara. Wiki ya kwanza niliona kama nimeshika kijiko. Wiki ya pili plasta niliitoa, na sijaifunga tena.

Kuna jambo sikulitegemea. Mkono ulipolegea, vitanzi navyo vililegea. Kofia ya mtoto niliyokuwa naifuma kwa kukariri, bila kuhesabu, ilitoka kubwa kuliko kichwa cha mwenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye sindano, yangu ni 3.5, ni unene wake kwa milimita pale kitanzi kinapokaa, na ndio unaoamua ukubwa wa mshono. Lakini watu wawili wenye sindano ya 3.5 hawafumi sawa, hata mtu mmoja hafumi sawa akibadilisha mpini. Kwa hiyo ukinunua sindano mpya, fuma kwanza kipande cha majaribio kinachozidi sentimita 10 kila upande, kilaze mezani, pima sentimita 10 katikati, kisha hesabu mishono, ulinganishe na ile inayotajwa kwenye maelezo ya kitu unachofuma. Ni kazi ya nusu saa. Mimi niliiruka, nikafumua kofia nzima.

Kwenye mpini, kando ya 3.5, imeandikwa pia 6/0. Hiyo ni namba ya Kijapani ya unene huohuo, na inasaidia ukipata michoro ya kufumia ya Kijapani, ambayo naipenda sana kwa sababu inatumia alama badala ya maneno. Maelezo ya Kiingereza yana mtego wake: mshono ambao Wamarekani wanauita wa moja, Waingereza wanauita wa mbili. Jina la mbili wanalo wote, mishono ni tofauti. Kabla hujaanza, tafuta maelezo yametoka upande gani wa bahari.

Upungufu upo pia. Mpini wa mpira unashika vumbi na nyuzinyuzi, unahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye maji kila baada ya siku chache. Na sindano yoyote yenye mpini mnene haifai kwa ule ufumaji wa Kitunisi, ambapo vitanzi vya safu nzima vinabaki kwenye sindano. Vikifika kwenye mpini vinakwama. Hapo utatafuta sindano ndefu iliyonyooka.

Sasa nyuzi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko roho yangu iliko.

Niliagiza madonge kumi kutoka duka moja Kariakoo, yakaja kwa basi. Gramu 50 kila moja, uzi laini wenye nyuzi tano zilizosokotwa pamoja, ule ambao wengi wanauita pamba ya maziwa. Muuzaji aliandika kwamba ni pamba tupu. Nilipoushika tu nikawa na shaka, ulikuwa mwepesi mno na una kimng'ao. Nikakata kipande cha kidole kimoja, nikakishika kwa koleo juu ya sufuria kuukuu na kukiwasha kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi, inaacha majivu mepesi yanayopulizika. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, na ukiondoa moto huwa inazimika yenyewe. Uzi wangu uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha punje nyeusi ngumu. Ilikuwa akriliki, au mchanganyiko wenye akriliki nyingi. Nilimwandikia muuzaji, hakujibu. Kilichoniuma ni kutoambiwa ukweli, maana akriliki yenyewe siidharau hata kidogo. Shali ya mtoto mchanga inafuliwa leo, kesho na keshokutwa, na akriliki inavumilia, inakauka upesi hata wakati wa ukungu wetu wa mwezi wa saba, na nondo hawaili. Madonge yale nilifuma shali mbili za watoto na ziko imara mpaka sasa.

Ila akriliki usiipige pasi. Shali ya tatu niliifuma kwa ajili ya mtoto wa jirani, nikataka impendeze siku ya ubatizo, nikapitisha pasi ya moto. Iligeuka bapa, ikalegea kama leso iliyolowa, ule ujazo wake ukaondoka na haukurudi tena. Nilisikitika siku nzima. Kama lazima uinyooshe, ilaze ikiwa mbichi juu ya taulo, ivute taratibu kwa mikono, iache ikauke yenyewe.

Pamba ya kweli ndiyo ya vitambaa vya makochi. Haivutiki, inatunza umbo, inakubali pasi, na inakubali wanga. Mama yangu alikuwa anachemsha uji mwepesi wa unga wa muhogo, anachovya kitambaa, anakinyoosha juu ya meza mpaka kila ua lisimame. Nafanya vilevile. Kitambaa kikikauka kinasimama kwenye mgongo wa kochi kama kimekatwa kwa mkasi, na mgeni akiingia macho yanaanzia pale.

Ule uzi wa sufu wa wifi niliuogopa miezi mitatu. Ulikuja umesokotwa kama msuko, si donge, na uzi wa namna hiyo ukianza kuufuma bila kuukunja kwanza unakuletea mafundo ya kukuliza. Mwanangu wa darasa la nne alininyooshea mikono, nikaufungua ule msuko ukawa mduara, nikamvika, nikaanza kukunja, yeye akipeleka mikono kulia na kushoto kufuata uzi. Mita 400 hivi! Tulikaa pale saa nzima tukiongea mambo ambayo hatujawahi kuongea, ya shule, ya rafiki yake aliyehama, mpaka donge likakamilika. Mikono ilimchoka na hakulalamika.

Na kuifuma sufu, jamani. Inavutika kidogo kisha inarudi, kwa hiyo kosa dogo la mkono inalificha. Inapata joto mapajani kabla hata haijawa kitu. Nafuma shali ya mama mkwe, na jioni za baridi inanifunika magoti huku inakua. Masharti yake ni kwenye kufua: unyoya wa kondoo una magamba madogo madogo, na maji ya moto, sabuni na kusugua vinayafanya yashikane, shali inaganda na kusinyaa. Maji ya baridi, usiisugue, usiikamue kwa kusokota, ianike kivulini ikiwa imelazwa.

Kabla sijasahau: kwenye karatasi ya donge, chini ya namba ya rangi, kuna namba nyingine ndogo, ya mchovyo. Madonge yaliyochovywa kwenye rangi pamoja yana namba moja. Rangi ileile ya mchovyo mwingine inaweza kupishana kidogo, na dukani hutaiona. Utaiona kitambaa kikiwa kimetandazwa kwenye mwanga wa dirisha. Nunua ya kutosha kwa mara moja, na donge moja la ziada.

Mimi huzidisha zaidi ya donge moja. Chini ya kitanda nina sanduku la bati, na ndani yake nyuzi zimepangwa kwa rangi: samli, urujuani, damu ya mzee, bluu bahari, na kijani kimoja ambacho ni majani ya chai yetu kabisa baada ya mvua. Sufu naiweka peke yake kwenye mfuko uliofungwa, kwa sababu ya nondo. Mengine hayana kazi maalumu. Siku nikirudi nimechoka nafungua sanduku, natoa mawili matatu, naweka samli karibu na damu ya mzee, naona yanavyobadilishana sura. Mume wangu aliwahi kuniuliza uzi huu wote wa nini. Nikamwekea mkononi donge la samli. Akaliminya, akakaa nalo mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Sindano za sweta ninazo pia, na sweta nazifuma, maana kitambaa chake kinavutika na kumkaa mtu vizuri. Lakini safarini nachukua kroshia. Kwenye sweta vitanzi vya safu nzima viko wazi, kimoja kikichomoka kinashuka chini kama ngazi. Kwenye kroshia kilicho wazi ni kimoja tu. Coaster ya Makambako ikifika kituoni, nakivuta kitanzi kirefu, nachomoa sindano, natia kila kitu mfukoni, nashuka.

Ukiniuliza kama ningeinunua sindano hii kwa pesa yangu, ndiyo, na namba ya kuanza nayo ni 3.5 au 4. Nimeshamwomba wifi aniletee ya 5 kwa ajili ya uzi mnene. Shali ya mama mkwe imebakiza safu nane na pindo.