Uzoefu wangu na Matomo kwenye tovuti ya duka la vitenge

Nauza vitenge na khanga mtandaoni, na wateja wangu wengi huingia kwa simu wakitokea WhatsApp. Nilichotaka kujua ni vitu vichache tu: mtu katokea wapi, kaangalia kitambaa gani, kaishia wapi. Kwa hiyo nikatafuta programu ya kufuatilia na kuhesabu wageni wa tovuti.

Google Analytics ya zamani ilisitisha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023. GA4 iliyoipokea ni ya bure, na kama unalipia matangazo ya Google, baki nayo. Ila ukitaka kuchimba mwenendo wa wageni kwa kina, kwenye akaunti ya bure taarifa hizo hukaa miezi 2, au 14 ukibadilisha mpangilio. Biashara yangu inakwenda kwa misimu, na Idi ya mwaka huu nataka kuilinganisha na za miaka ya nyuma. Plausible nayo ni nyepesi na haitumii vidakuzi (faili ndogo za kumtambua mgeni), lakini niliiona fupi mno kwangu.

Nikachagua Matomo, ile iliyokuwa ikiitwa Piwik hadi 2018. Inatumia PHP na MySQL, kwa hiyo hata hosti ya kawaida inaipokea, na takwimu zote zinabaki kwako. Unaweza pia kuficha sehemu ya mwisho ya anwani ya IP ya mgeni, jambo zuri kwetu Tanzania tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Jambo moja lizingatie, chombo chochote utakachochagua: mtu akibonyeza kiungo ndani ya WhatsApp, mara nyingi huhesabiwa kama kaja moja kwa moja. Dawa yake kwenye Matomo ni kuongeza ?mtm_campaign=status mwishoni mwa kiungo unachoweka kwenye status, na cha kwenye magrupu ukipe jina lake. Hapo ndipo nilipoona, kwenye orodha ya wageni, watu wa magrupu wakitoka kwenye picha ya khanga, wanafungua ukurasa wa usafirishaji, wanaondoka. Nikaileta nauli ya mzigo chini ya bei ya kila kitambaa, na maagizo kutoka kwenye magrupu yakaanza kuingia.

Hasara zipo. Hifadhidata inanenepa, tovuti ikikua itabidi uweke kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba kwenye seva) ya kuandaa ripoti, na ramani za mibonyezo ni programu-jalizi ya kulipia. Masasisho ni juu yako. Kama huna mtu wa kuishika seva, lipia huduma yao ya mtandaoni.