Mheshimiwa na barua yake, pale Strand

Miaka kumi na moja napitisha basi mbele ya Vaudeville Theatre, mtaa wa Strand, London, na siku zote nimeuona ukumbi ule kupitia dirishani tu, watu wamepanga foleni, mimi nasubiri taa. Mwaka 2018 hatimaye nikaingia. Binti yangu alikuwa akisoma shuleni tamthilia ya Oscar Wilde, An Ideal Husband, nayo ilikuwa ikichezwa humo, akaniambia, "Baba, siku yako ya mapumziko hii usilale." Tukachukua tikiti za juu kabisa, kule ambako mwigizaji unamwona utosi kwanza.

Ndani ni padogo kuliko nilivyodhani, viti kama 690 hivi. Ukumbi ulifunguliwa 1870. Tamthilia yenyewe haikuzaliwa hapo, ilianza ukumbi mwingine wa London, Haymarket, Januari 1895. Aprili ya mwaka huohuo Wilde akatiwa mbaroni, jina lake likaondolewa kwenye mabango, na watu wakaendelea kulipa kiingilio wacheke maneno yake.

Nilitegemea magauni, tai za kipepeo na umbea wa wakubwa. Vyote vipo. Lakini kisa chenyewe ni mlungula. Sir Robert Chiltern ni mheshimiwa wa bungeni, mkewe anamwona hana doa. Kumbe ujanani, alipokuwa katibu wa waziri, alimuuzia tajiri mmoja siri ya serikali kuhusu hisa za Mfereji wa Suez, zile ambazo Uingereza ilizinunua kweli mwaka 1875. Akalipwa pauni 110,000. Barua aliyomwandikia tajiri imeangukia mikononi mwa Bi Cheveley, naye anataka mheshimiwa ausifu bungeni mradi wa mfereji wa kitapeli huko Argentina. La sivyo, magazetini.

Hapo nikakaa sawa kitini. Mimi ni mtoto wa Unguja, habari za mheshimiwa na bahasha hazihitaji mkalimani.

Frances Barber ndiye Bi Cheveley, na kwangu mimi jioni ile ilikuwa yake. Kuna pambo la almasi lenye umbo la nyoka, limeokotwa kwenye sofa baada ya karamu. Yeye anasema ni lake, ni bruchi, kumbe aliliiba zamani. Lord Goring, rafiki wa Chiltern, anamvisha mkononi taratibu, kama anayemtunza bibi harusi, pambo linageuka bangili. Halivuliki. Lina kitufe cha siri na mwizi hakijui, kwa sababu hajawahi kufundishwa na mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa akizungumza kama malkia sasa anakwaruza mkono wake mwenyewe kwa kucha. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilimwonea huruma, ingawa hastahili.

Goring anachezwa na Freddie Fox, na baba anayemgombeza kila saa kwa nini haoi ni Edward Fox, baba yake wa kweli, wakati huo mzee wa miaka 81. Yale makaripio huwezi kuyafanyia mazoezi. Binti yangu alinigusa kiwiko mara mbili. Nilijifanya sikuhisi.

Kilichonikera ni sehemu ya mwisho, na hilo ni la Wilde, si la waigizaji. Goring, aliyekuwa na akili kuliko wote, anamhutubia Bi Chiltern kwamba maisha ya mwanamume yana thamani kuliko ya mwanamke, kwa hiyo asamehe amwache mume apande cheo. Naye anayarudia maneno yaleyale mbele ya mumewe, kama mtoto wa chuoni. Mheshimiwa anaishia na kiti kwenye baraza la mawaziri. Pesa je? Alishasema mapema kwamba amezitoa sadaka mara mbili ya alizopokea. Kwetu mtu huyo ndiye anayeitwa kukata utepe.

Tulirudi kwa basi, tumekaa juu, mbele kabisa. Binti akauliza hasara ya zile hisa ilimwangukia nani. Nikamwambia amuulize mwalimu wake, tena aandike na jibu.

Onyesho lile liliendelea hadi Julai 2018. Kiingereza chake ni cha kasi, basi anayeweza akisome kisa kwanza. Na ikirudi jukwaani, hata ukienda juu kama sisi, tafuta kiti cha katikati, usije ukakosa ile mikono ya Bi Cheveley.