Kilima cha Marlborough: uzoefu wangu wa ziara ya kuongozwa

Miaka yote niliyokaa Uingereza nimepita Marlborough, mkoani Wiltshire, sijui mara ngapi, na sikuwahi kuambiwa kwamba nyuma ya majengo ya shule kuna kilima cha mita 19 kilichorundikwa kwa mikono ya watu. Kiko ndani ya eneo la Marlborough College, kwa hiyo huingii kiholela. Unangoja siku za ziara. Ngoja tu, inalipa.

Nilikwenda na kitabu cha wasafiri nilichokinunua mtumba, kikisema kilima ni kazi ya Wanormani, wale wa kutoka Ufaransa walioivamia Uingereza mwaka 1066. Mwongozaji alikisoma, akanirudishia kwa upole. Mwaka 2010, akasema, wataalamu walikitoboa kuanzia kileleni wakapata vipande vidogo vya mkaa, na vipimo vya kaboni vikaonyesha mwaka 2400 KK hivi. Rika moja na Silbury Hill, kilima kingine kilichorundikwa na watu wa kale, mwendo wa kilomita 8 hivi kutoka hapo. Wanormani walikikuta kina zaidi ya miaka 3,000, wakaweka ngome yao juu.

Nikamuuliza, sasa waliokijenga walikusudia nini? "Hakuna anayejua," akajibu, wala hakutafuta maneno ya kutupumbaza. Kwa jibu hilo peke yake nampa nyota tano. Wenyeji wa zamani walisema ni kaburi la Merlin, yule mganga wa Mfalme Arthur katika hadithi za kale za Uingereza, na hadi leo kaulimbiu ya mji inauliza mifupa yake iko wapi.

Ngome ilipobaki magofu, ukoo wa Seymour ulikigeuza kuwa pambo la bustani katika karne ya 17, ukachonga njia inayozunguka kama ganda la konokono. Ndiyo tuliyopandia, taratibu, udongo ukiteleza chini ya nyayo. Baadaye shule nayo ikaweka tangi la maji kileleni.

Chini kuna kijipango cha karne ya 18, kuta zake zimepambwa kwa makombe. Mimi mtoto wa Lamu niliduwaa pale hadi wenzangu wakanitangulia: makombe ya bahari, bara kabisa, kwenye mguu wa kilima cha watu wasiojulikana.

Vaeni viatu vyenye meno. Mwenye magoti mabovu abaki chini kwenye makombe, hatapoteza kitu.