Soketi ya ampea 30 ya trela nyumbani: uzoefu wangu na fundi aliyeifunga

Mwenye trela la kulala safarini hapa Marekani, likiegeshwa nyumbani, hukutana na swali moja: umeme wake utatoka wapi? Wengi huvuta waya wa kurefushia kutoka gereji, wakachomeka kwa adapta, na mambo yakaenda mpaka joto lianze. Soketi ya gereji huwa ya ampea 15 au 20. Kiyoyozi cha paa la trela peke yake hula ampea 12 hadi 16, na kinapoanza kuwaka hudai zaidi kwa kitambo kifupi. Ongeza chaja ya betri na friji juu ya waya mwembamba uliotandazwa uani, halafu kaguse plagi. Inachoma.

Mimi nilitaka soketi ya kudumu ya ampea 30, yenye boksi lake la nje na breka yake (swichi inayokata umeme wenyewe mzigo ukizidi) humo humo. Sababu zangu ni za kawaida: kupoza friji usiku wa kuamkia safari, betri isife msimu wa baridi, na wageni wakija wapate pa kulala penye kiyoyozi. Kazi yenyewe imekamilika na naitumia. Boksi nalipatia nyota nne, fundi aliyelifunga nampa tano.

Lakini kabla yake alikuja fundi mwingine, na hapo ndipo penye jambo kubwa la makala hii. Alitazama plagi ya trela langu, akaona miguu mitatu na maandishi ya ampea 30, akasema anaijua, ni kama ya mashine ya kukaushia nguo, ataweka breka pacha na kazi itaisha upesi. Breka pacha maana yake volti 240. Trela la ampea 30 ni la volti 120: waya mmoja wa moto (unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na ethi (wa usalama), basi. Nilipomuuliza, alijibu kwamba ampea 30 siku zote ni 240. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake.

Usidhani ni kituko cha mtu mmoja. Kosa hili linajulikana sana miongoni mwa wenye trela, na linaeleweka linakotoka. Katika nyumba za Marekani, karibu kila soketi kubwa anayoifunga fundi ni ya 240: jiko, kikausha nguo, chaja ya gari la umeme. Soketi ya trela, ile yenye alama TT-30, ndiyo iliyojitenga na ndugu zake, na mafundi wa majumbani hawakutani nayo mara nyingi. Matokeo ya kukosea hayasubiri. Chaja ya betri, maikrowevu, televisheni na bodi ya friji vinaweza kuungua ndani ya muda wa kuwasha swichi tu. Sisi tuliokulia kwenye volti 230 na 240 za Afrika Mashariki tusijiamini kupita kiasi hapa, maana mazoea yetu yanatuvuta upande ule ule wa hatari.

Fundi wa pili hakuanza na ukuta wa nyumba. Aliomba kwanza kuingia ndani ya trela, akafungua bodi ya breka, akasoma kibandiko, akahakikisha breka kuu ni ya ampea 30 na ni moja. Hapo nikajua nimempata mtu. Alinieleza pia kwa nini hakunishauri niruke moja kwa moja kwenye soketi ya ampea 50. Watu hudhani 50 ni 30 iliyoongezwa kidogo. Sivyo: ya 50 ina nyaya nne na njia mbili za volti 120, kila njia na ampea zake 50, jumla wati 12,000. Ya 30 inaishia wati 3,600. Ukichomeka trela la 30 kwenye 50 kwa adapta litafanya kazi, ila kamba yako ya ampea 30 itakuwa inalindwa na breka ya 50, na hilo hakulipenda. Mwenye mpango wa kununua trela kubwa baadaye ana hesabu nyingine, mimi sina.

Waya alioutumia ni wa shaba namba 10, ndani ya bomba la plastiki lililozikwa. Bomba la aina hiyo, kwa kanuni za umeme za hapa, huzikwa inchi 18, kama sentimita 46; waya wa kuzikwa bila bomba hudai inchi 24. Alisema kama umbali ungekuwa mrefu zaidi angepanda hadi namba 8 (kwa nyaya hizi namba ndogo ndiyo nene zaidi), kwa sababu waya mwembamba kwenye masafa marefu hupunguza volti, na mota ya kiyoyozi haipendi njaa ya volti. Kabla ya jembe kugusa ardhi alipiga 811, namba ya bure ya kuja kuwekewa alama za mabomba ya gesi na nyaya zilizo chini. Kibali alikiombea yeye, mkaguzi akaja, akatazama mtaro ukiwa bado wazi. Sehemu hiyo haina hadithi zaidi.

Kipimo ndicho kilichonifurahisha. Hakuniruhusu nichomeke chochote mpaka ameweka mita: moto na nyutro, volti 121, moto na ethi, 121, nyutro na ethi, karibu sifuri. Namba hizi tatu kila mwenye trela azidai kwa fundi wake, azione kwa macho yake. Ukiona 240 popote kati ya hizo, kazi irudiwe. Kisha akachomeka, akawasha kiyoyozi na hita ya maji kwa pamoja, akapima tena: 118. Kushuka kwa volti tatu kwa mzigo ule ni kawaida.

Ndipo breka ikakata. Breka aliyofunga ni ile yenye ulinzi wa umeme kuvuja, inayokata ikiona takriban miliampea 5 zimepotea njiani badala ya kurudi kwenye nyutro. Kwa trela hii ni mtihani mkali, kwa kuwa ndani ya trela nyutro na ethi hazitakiwi kugusana kabisa, na kifaa chochote chenye unyevu kinaweza kuvujisha. Fundi mwingine angesema trela ni bovu, akachukua hela yake. Huyu alizima breka zote za trela, akawa anawasha moja moja, mpaka tukamfikia mwizi: koili ya hita ya maji ilikuwa imepasuka na kuvujisha umeme kwenye maji. Kwenye waya wa gereji usio na ulinzi huo ningeendelea kuoga nayo bila kujua. Nilibadilisha koili, na breka haijakata tena mpaka leo.

Sasa ile nyota niliyoinyima boksi. Ni la chuma, gasketi yake ni nzuri, na kuwa na breka ndani ni raha, kwani unazima kwanza, unachomeka, ndipo unawasha, bila cheche za kula meno ya plagi. Tatizo ni kifuniko. Plagi ya ampea 30 ni nene na shingo yake ni ngumu, kwa hiyo mlango haufungi vizuri mpaka uisukume kamba chini kwa nguvu, na mvua ya upepo hupata upenyo. Tena skrubu za kushikia waya zilitoka kiwandani zikiwa legevu. Fundi alizikaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Anayejifungia mwenyewe asiziamini zilivyo. Soketi nyingi za trela zinazoungua huanzia kwenye kiungo kilicholegea, si kwenye mzigo mkubwa.

Kuhusu mahali pa kuiweka: matrela mengi ya hapa kamba yake hutokea ubavu wa kushoto, kuelekea nyuma, na urefu wake huwa futi 25 au 30. Pima kutoka pale trela linaposimama kweli, baada ya kulirudisha nyuma, usipime kwa kukisia kutoka ukutani. Yangu inafika na kubaki na ulegevu wa hatua mbili, nami sikuhitaji kununua kamba ya kurefushia, ambayo kwa ampea 30 ni nzito na ya gharama.