Kiti Kipi Ununue Kwenye Onyesho la Kuteleza Barafuni: Mwongozo kwa Msafiri wa Kutoka Visiwani

Kwetu Pemba, siku ya mchezo wa ng'ombe, wanaoona vizuri si wale waliosimama ukingoni mwa uwanja. Ni watoto waliopanda miembe. Wa chini wanaona vumbi na mgongo wa aliye mbele yao. Wa juu ya tawi anaona ng'ombe anakotoka, mchezaji anakokwepea na wapi watakutana tena. Nimekulia Wete nikilijua hilo, lakini siku niliponunua tiketi yangu ya kwanza ya onyesho la kuteleza barafuni nilichukua kiti cha chini kabisa, kilichokuwa ghali kupita vyote, kwa kuamini kwamba aliye karibu ndiye anayeona.

Nimehudhuria mara tatu zaidi tangu hapo, na kila mara nimekaa upande mwengine. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili yako wewe uliyeupenda mchezo huu kwenye simu na televisheni, na sasa umepata safari ya kwenda kwa jamaa Toronto, London au Ghuba. Visiwani barafu tunayoijua ni ile ya kufyonza, kwa hiyo onyesho hili ni lazima ulifuate kwa ndege. Aliyetumia nauli yote hiyo haifai afike akakalia kiti kibaya.

Kwanza onyesho lenyewe, maana kiti kizuri kwenye onyesho lisilokufaa ni hasara vilevile. Kama una watelezaji unaowafuatilia kwa majina, unajua nani kachukua medali gani na wapi, tafuta Stars on Ice. Aliyelianzisha ni Scott Hamilton, Mmarekani aliyepata dhahabu ya Olimpiki Sarajevo mwaka 1984. Miaka miwili baadaye, 1986, ziara ikaanza. Huzunguka Marekani na Kanada majira ya machipuko, baada ya mashindano ya dunia ya mwezi wa Machi kumalizika, na kwa hiyo unawakuta mabingwa wakiwa bado moto. Holiday on Ice ni ya tangu mwaka 1943, na siku hizi utaikuta zaidi Ujerumani na nchi za jirani wakati wa baridi. Hiyo ni ya mavazi, taa na hadithi, na majina ya watelezaji si jambo kubwa. Disney on Ice, ya tangu 1981, ndiyo inayosogea karibu na sisi, kwa sababu huja Abu Dhabi, kwenye ukumbi wa Etihad Arena katika kisiwa cha Yas. Ukiwa na watoto, nenda hiyo na roho safi. Usiidharau kwa sababu ya vinyago vyake, kwani wengi wa waliovaa vinyago hivyo wamefunzwa kuteleza tangu utotoni.

Kuna anayeniuliza kwa nini asiangalie mashindano tu, bure, kwenye simu. Jibu langu ni Surya Bonaly. Binti huyu mweusi wa Kifaransa, mzaliwa wa Nice, alipiga sarakasi ya kinyumenyume kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 akatua kwa mguu mmoja, na waamuzi wakamkata alama kwa sababu mruko ule ulikuwa umekatazwa tangu miaka ya 1970. Baada ya hapo akaingia kwenye maonyesho ya kulipwa, na huko watu walimlipia kwa kitu kile kile alichokatwa alama. Chama cha kimataifa cha mchezo huu hakikuondoa katazo hilo mpaka mwaka 2024. Kwenye onyesho mtelezaji hana mwamuzi mbele yake. Anachagua nyimbo anazozipenda, anabaki na miruko anayoipenda, anapunguza mingine apate nafasi ya kucheza. Wengine huteleza vizuri zaidi hivyo kuliko walivyowahi kuteleza mashindanoni, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu.

Sasa ununuzi. Anza na viza kabla ya tiketi, maana tiketi nyingi hazirudishwi pesa, na pasipoti yetu inahitaji viza kwa Kanada, Marekani, Uingereza, Ulaya na Emirates zote. Kama una ndugu huko, mwambie anunue yeye kwa kadi yake, kisha akuhamishie kwenye simu yako ukishafika. Ukinunua mwenyewe ukiwa Unguja au Pemba, hesabu saa zako vizuri. Tiketi zikifunguliwa saa nne asubuhi ya Toronto majira ya joto, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Majira yao ya baridi inakuwa saa kumi na mbili. Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe au ile inayotajwa na ukumbi. Wachuuzi wa tiketi hujitokeza juu kabisa ukitafuta kwenye intaneti, na bei yao inaweza kuwa mara mbili. Halafu usiamini bei ya mwanzo, kwa sababu huenda ada ya huduma ikaongezwa kwenye ukurasa wa mwisho. Bajeti yako ipange kwa bei ya mwisho.

Funguo ya kuchagua kiti ni ramani ya ukumbi. Barafu ya vipimo vya kimataifa ina urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Za Marekani na Kanada, nyingi zimejengwa kwa ajili ya mpira wa magongo wa barafuni, nazo ni mita 61 kwa 26. Maana yake ni kwamba ukikaa katikati ya ubavu, yaani upande mrefu, kona ya mbali kabisa iko mita 40 hivi kutoka ukingo ulio mbele yako. Ukikaa kwenye ncha, yaani upande mfupi, kona ya mbali iko zaidi ya mita 60. Tafuta pia pazia liko wapi. Karibu maonyesho yote huweka pazia na jukwaa kwenye ncha moja, na watelezaji huingilia hapo. Ramani ikionyesha sehemu nzima ya ncha moja haiuzwi, hapo ndipo pazia lilipo.

Namba moja: ubavuni, katikati, safu ya 8 mpaka ya 15. Kiti hiki kinunue bila kusita. Si cha ghali kuliko vyote, na kwa macho yangu hakina mpinzani. Sababu ya kwanza ni kasi. Kwenye televisheni kamera huongozana na mtelezaji, kwa hiyo yeye anabaki katikati ya kioo na kinachokimbia ni ukuta wa nyuma. Ubavuni unamuona akipita kutoka kushoto kwako mpaka kulia, na ndipo unapotambua kwamba mruko si kwenda juu tu, ni kuvuka mita kadhaa za barafu hewani na kutua bila kupunguza mwendo. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilimshika mkono binti ami yangu kwa nguvu mpaka akaguta.

Sababu ya pili ni makali. Chuma cha kiatu kina makali mawili, la ndani na la nje, na baina yake kuna mfereji. Karibu kila kitu katika mchezo huu ni mtelezaji kuegemea kali moja mpaka barafu ikakatika kwa mkunjo. Mkunjo ule unauona ukiwa juu kidogo. Chukua kwa mfano miruko inayoitwa Lutz na Flip: zote mbili hurukwa kinyumenyume kwa kuchomeka meno ya mbele ya kiatu. Kinachozitenganisha ni kali la mguu mwengine: Lutz ni la nje, Flip ni la ndani. Ukiwa chini kabisa huwezi kuzitofautisha. Ukiwa safu ya kumi unauona mstari mrefu uliopinda upande mmoja, halafu mwili unazunguka upande wa pili, na hapo unajua hiyo ni Lutz kabla mtangazaji hajaisema (na kwenye onyesho hakuna mtangazaji wa kuisema). Mruko mwengine, Axel, ni rahisi, itambue kwa kuwa mtelezaji anaondoka akiwa ametazama mbele. Ndiyo maana ina nusu mzunguko wa ziada. Axel Paulsen wa Norway aliiruka mwaka 1882 kwa mzunguko mmoja na nusu. Mwaka 2022 Ilia Malinin wa Marekani akaiweka mizunguko minne na nusu mashindanoni.

Sababu ya tatu ni taa. Maonyesho hayafanyiki kwenye mwanga mweupe kama mashindano. Ukumbi unazimwa, na rangi na michoro inamwagwa juu ya barafu. Aliye juu anaiona michoro yote. Aliye chini anaona mng'aro tu.

Nidokeze jambo moja la ununuzi hapa. Safu hizi huisha mapema kwa wanaonunua wawili wawili au wanne wanne, lakini mara nyingi hubaki kiti kimoja kimoja. Mkiwa wawili, kubalini kukaa mbalimbali. Taa zikizimwa hakuna mazungumzo, na njiani kurudi mtakuwa na mambo mawili ya kusimuliana badala ya moja.

Namba mbili: ubavuni, katikati, lakini ghorofa ya juu. Najua watu wengi hawatakubaliana nami kukiweka hiki juu ya viti vya bei mara tatu yake. Sura huzioni vizuri, ni kweli, na darubini ndogo itakusaidia. Lakini unaona umbo zima la onyesho, khasa ngoma ya mwisho ambayo watelezaji wote wanaingia na kufungua duara, kulifunga na kulivunja kuwa mistari. Safu ya kwanza ya ghorofa ya juu iepuke, kwa sababu vyuma vya kushikia hupita sawasawa na macho. Safu ya tatu au ya nne ni salama. Mwenye watoto watatu wa kuwalipia, hapa ndipo pake.

Namba tatu: ncha inayolitazama pazia. Watelezaji wakitoka nyuma ya pazia wanakujia wewe usoni, na wanapocheza na watazamaji mara nyingi huelekea huku. Kinachokosekana ni kasi, maana mtu anayekujia moja kwa moja huonekana kama anakua tu, hasogei. Kwa anayependa uso na hisia kuliko ufundi, hiki kinaweza kuwa cha kwanza.

Namba nne: viti vya barafuni. Hivi ndivyo nilivyoanza navyo. Maonyesho mengi hupanga safu chache za viti juu ya barafu yenyewe, kwenye zulia, pasipo ukuta wala kioo. Ni kama safu ya mbele kwenye taarab, ila kwenye taarab unakaa mbele ili umtunze mwimbaji, na sauti inakufikia popote ulipo. Huku ufundi unaingia kwa macho, na macho yako yako sawa na magoti ya mtelezaji. Safu ya kwanza ni ya ajabu kweli. Unasikia chuma kikikata barafu, mkwaruzo mzito kwenye mkunjo na kishindo kikavu wakati wa kuchomeka meno. Unamsikia mtu anapumua, na upepo wake unakupiga usoni akipita. Huyo huyo akizunguka kama pia mbele yako, unaona nyuzi za vazi lake. Lakini akienda upande wa pili humuoni miguu. Na viti hivi vimepangwa sambamba bila ngazi, kwa hiyo safu ya pili na ya tatu zinatazama visogo vya watu kwa bei karibu na ile ya kwanza. Mimi nilikuwa ya tatu. Kama ni lazima ukae barafuni, iwe safu ya kwanza au uache, na iwe onyesho lako la pili, ukishajua nini cha kutafuta.

Baridi ya huko inapanda kutoka chini. Barafu ya mchezo huu huwekwa nyuzi tatu au nne chini ya sifuri, na zulia halizuii kitu. Vaa soksi nzito mbili na kiatu kilichofunga. Kanga ibebe doti nzima, kipande kimoja cha kukalia na kingine cha magotini. Hata kwenye viti vya juu utaihitaji.

Namba tano: kona. Hapa zigawe mbili. Kona iliyo upande wa pazia usiinunue kwa bei yoyote. Nusu ya jukwaa imefichwa, taa za pembeni zinakuchoma macho, na ngoma nzima unatazama migongo ya watelezaji. Wakati mwengine kumbi hufungua viti vizuri siku za mwisho, jukwaa likishafungwa na mafundi kuona viti gani havizibwi, kwa hiyo ukiwa tayari uko mjini chungulia tovuti asubuhi ya onyesho kabla ya kukubali kona hiyo.

Kona ya mbali na pazia ni habari nyengine. Ikiwa ndiyo pekee iliyobaki, chukua, na ukae macho. Lutz inataka mwendo mrefu wa kinyumenyume, na mara nyingi mtelezaji huivutia konani. Utamuona anakuja kwa mgongo, anachungulia juu ya bega, anakaribia mpaka unadhani atagonga ukuta, halafu anachomeka meno na kupaa hapo hapo mbele yako.